Korongo Aliyekuja Kuwapiga

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na majiko na vitanda kama sisi, jua lilikaa juu ya nchi likakataa kuondoka. Nyasi zikawa majivu. Mito ikabaki mawe. Likabaki dimbwi moja tu, na dimbwini kakaa nani? Mzee Mbogo na ndugu zake! Wamejilaza, pwaaa, matope hadi masikioni.

Bi Kanga alikuwa na vifaranga saba. Siku hiyo ninayowaambia, alikuwa na mmoja, Kidoa. Aligonga mtungi wake, gwa! Mkavu. Akamtazama mwanawe, mdomo wazi, macho yanajifunga yenyewe.

"Mama, maji."

"Yanakuja, mwanangu."

Yanakuja kutoka wapi? Hata yeye hakujua. Akambeba mgongoni, akaenda tena dimbwini.

"Shikamoo, Mzee Mbogo."

Marahaba haikutoka.

"Baba, tone moja tu. Si langu mimi, la huyu."

"Wewe kidudu cha madoadoa! Jana si nilikufukuza?"

"Jana nilikuja na wawili, baba."

"Basi kesho utakuja peke yako, mzigo utakupungukia!"

Ndugu zake wakacheka, hoo! hoo! hoo! Matope yakaruka.

Bi Kanga akaenda kuketi chini ya kijiti cha miiba. Hakulia. Machozi nayo si maji? Yalikuwa yamekwisha.

Mara, huyo! Korongo, kijana wa Ulaya, ndiyo kwanza anakanyaga Afrika. Shingoni kaning'iniza kamera yenye bomba refu jeusi. Kiswahili kafundishwa na mbayuwayu njiani, nusu kakidondosha jangwani.

"Hujambo, mama! Nimekuja kuwapiga!"

Bi Kanga hakukimbia. Akimbie vipi, na mtoto hawezi hata kunyanyua shingo? Akamfunika kwa bawa, akafumba macho.

"Nipige mimi. Huyu muache."

Kacha!

Akafungua jicho moja. Hakuna damu. Hakuna maumivu.

"Ndiyo umeshanipiga?"

"Ndiyo! Umetoka vizuri, tazama!" Akamwonyesha kwenye kioo kidogo. Alikuwa yeye mwenyewe, madoadoa yake yote, na kichwa cha Kidoa kikichungulia chini ya bawa.

"Aaa! Kumbe kupiga picha!"

Korongo wala hakumsikia, keshaanza kulia. "Mbona wenzako wananikimbia, mama? Nawaambia kwa adabu kabisa, nimekuja kuwapiga nyote. Swala, mbio! Pundamilia, mbio! Safari yangu ya kwanza hii, na kamera imejaa matako matupu!"

Neno la kumsahihisha lilimfika Bi Kanga mdomoni. Akamtazama Kidoa. Akalimeza.

"Wakubwa umeshawapiga?"

"Bado!"

"Nifuate. Kiswahili chako hicho hicho kinatosha. Ila sema kwa nguvu, wazee wale masikio yamejaa matope."

Wakafika. "Mzee Mbogo, una mgeni."

Korongo akatanua mabawa, akaelekeza lile bomba jeusi.

"HAMJAMBO! NIMEKUJA KUWAPIGA! WOTE! NAANZA NA MKUBWA!"

Mzee Mbogo akasimama, akarudi nyuma. "Ku... kutupiga? Tumekukosea nini, bwana?"

"Hamjakosea! Nyinyi wazuri! Nikirudi kwetu nitawatundika ukutani!"

Kacha!

Lo! Gudu gudu gudu gudu! Fahali wakakanyagana, wakavunja kichaka, vumbi likafunika jua. Ukiwauliza leo, bado wanakimbia.

Bi Kanga akachovya bawa, akadondosha tone kwenye mdomo wa mwanawe. Kimya. Tone la pili. Kimya. Akamwita jina. La tatu, likamwagika. La nne...

"Mama."

Panya wakatoka mashimoni. Kwale wakaja, na nungunungu, kila mmoja na kibuyu chake. Wakanywa. Wengine walikuja na vibuyu viwili, cha pili hakikuwa na wa kukinywea.

Korongo kaketi ukingoni, analia. "Matako tena, mama!"

"Kuna neno umelidondosha njiani, mwanangu. Sema picha. Nimekuja kuwapiga picha."

"Ala! Basi niwaite warudi!"

"Usiwaite! Waache hawa wanywe."

Korongo akajifuta macho. "Basi nikupige picha wewe, mama. Na watoto wako."

Bi Kanga akamweka Kidoa mbele yake. Kisha akatanua mabawa yote mawili, akayashusha hadi chini, akaacha nafasi za wale sita walioondoka na kiu.

"Haya," akasema. "Piga."

Basi wajukuu zangu, ukisikia nusu ya neno usikimbie, ngoja nusu ya pili. Yangu ni hayo. Mtungi ule pale, mwenye kiu anywe, na mwenzake ampe.