Maji ya Kumwagilia Ukuta

Wapendwa, kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mpenda bustani. Siku moja mbuzi wa mama jirani waliingia wakamaliza mchicha wake wote. Maneno aliyomtupia yule mama siku walipokutana siwezi kuyarudia hapa madhabahuni. Miezi minane hawakusalimiana. Mwishowe mwalimu akaita fundi.

"Nijengee ukuta mrefu, nisione hata kilemba chake."

Fundi akajenga, matofali ya saruji na nguzo za zege. Alipomaliza akasema, "Sasa mwagilia asubuhi na jioni, siku saba. Saruji haikomazwi na jua, inakomazwa na maji. Ukiuacha hivi hivi utapasuka."

"Bomba langu wiki ya tatu halitoi tone."

"Jirani yako ana kisima, mwalimu."

Mnacheka? Ingekuwa wewe ungefanyaje? Mwalimu alizunguka na ndoo mbili, macho chini, akapiga hodi.

"Maji ya nini?" mama akauliza.

"Ya... ukuta."

Yule mama alicheka mpaka akashika mlango, kisha akamchotea. Siku ya tatu mwalimu alikuta ameandaliwa chai. Siku ya tano walikuwa wanaulizana habari za presha na magoti. Siku ya saba mama akasema polepole, "Mwalimu, siku ile ya mbuzi nilikuwa nimelazwa hospitali. Hapakuwa na wa kuwafunga."

Mwalimu akaweka ndoo chini. "Nisamehe, mama. Nilifoka, sikuuliza."

Kesho yake fundi aliitwa tena. Mwalimu alikuwa amechora mlango kwa chaki katikati ya ukuta. Fundi alipiga nyundo na patasi tangu asubuhi, jasho likimtiririka, akinung'unika kwamba hajawahi kuona ukuta uliokomaa namna hii.

Ndugu zangu, msidhani mwalimu alikwenda kule kwa upendo. Alikwenda kwa shida. Na sisi kila siku tunaomba tujaliwe kila kitu ndani ya uzio wetu, tusimhitaji mtu. Je, kama kile tulichonyimwa Mungu amekiweka makusudi kwa yule tuliyemnunia? Unamjua. Jina lake limekujia sasa hivi. Basi leo, kabla hujala chakula cha mchana, nenda ukamwombe kitu. Hata chumvi.