Uji wa Mawe wa Zimwi

Alhamisi, tarehe saba ya mwezi wa Rajabu, saa kumi alasiri, babu yenu Shekue aliweka patasi yake chini, asiiokote tena. Alikuwa akichonga jiwe la kusagia. Hadithi hii ilikuwa yake. Tangu saa ile naisimulia mimi, polepole. Yeye alitaka watu wacheke, basi chekeni.

Paukwa!

Pakawa!

Jiwe?

Lilikuwa uji!

Na uji?

Ukawa jiwe!

Basi, hapo kale palikuwa na nchi isiyo na jiwe hata moja. Juu mchanga, chini udongo. Watu walitafuna mtama mzima mzima, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuusagia.

Chini kabisa ya nchi hiyo aliishi Zimwi. Alikuwa na chungu kikubwa, kimejaa jiwe la moto. Hamu yake ilikuwa moja tu, kunywa uji wa mawe. Lakini jiwe halikuyeyuka. Basi akakalia kifuniko chake joto lisitoke, akakamata watu wamvukutie moto kwa mivukuto.

"Vukuta! Vukuta! Vukuta! Uji ukiiva, mtakwenda kwenu. Usipoiva, kesho nawala ninyi."

Siku moja alimkamata Vuai, mume wa Mwanamize. Mwanamize alikuwa mpika uji wa mtama mzima. Akachukua kibuyu cha maji, akasema Bismillahi, akashuka katika shimo alimopotelea mumewe.

"Hodi!"

"Karibu," Zimwi akanguruma, amekaa vilevile.

"Mwenyeji gani wewe, unakaribisha mgeni umekaa kitako? Kwetu mtu akipiga hodi, mwenyeji huinuka. Mama yako hakukufunza adabu?"

Zimwi akaona haya. Mazimwi hula watu, lakini hawapendi kutajiwa mama zao. Akainuka kidogo.

Mwanamize akatazama chunguni kupitia ufa wa kifuniko. Jiwe limetoka jasho! Zimwi akakaa, jasho likakauka.

Mwanamize akamsogelea mumewe. "Moto mmeuchochea?"

"Tangu jana, mke wangu. Moto unatosha kuchoma mwezi. Jiwe halilegei."

"Moto hauna kosa. Kosa ni uzito wa bwana huyu. Amelikandamiza jiwe, halipati nafasi ya kuyeyuka. Nikimwinua mara ya tatu, kimbieni nyote."

"Mnanong'ona nini?" akauliza Zimwi.

"Namwuliza kama amekula."

"Hajala. Hapa nakula mimi."

Mwanamize akatoka, akarudi. "Hodi!"

Zimwi akainuka nusu. Jiwe likalegea, tone likachuruzika, na tone jingine.

"Unaiva! Unaiva! Unaiva!" Zimwi akapiga makofi, akajitupa juu ya kifuniko kwa furaha. Jiwe likaganda palepale.

"Mama wee! Umeganda tena!"

"Nusu ya adabu, nusu ya uji," akasema Mwanamize. Akatoka, akarudi mara ya tatu. "Hodi!"

Zimwi akasimama wima, mkono kifuani. "Karibu sana, mama! Karibu ndani!"

Mwanamize akasukuma kifuniko, akamimina maji ya kibuyu juu ya jiwe. Msishangae, kule chini kwenye joto kali jiwe likinywa maji huyeyuka upesi zaidi.

Lo! Si jiwe lote lililoyeyuka. Lilitoa matone tu hapa na pale, matone yakakutana, yakawa uji mwekundu. Uji ule ulikuwa mwepesi kuliko jiwe lililobaki. Basi ukapanda, ukapanda, ukapanda.

Watu wakatoka shimoni wakikimbia. Vuai alikuwa wa mwisho, amekumbatia mivukuto.

"Iache hiyo!" mkewe akapiga kelele.

"Ni mizuri, Mwanamize!"

"Wewe ndiye mzuri! Kimbia!"

Akaitupa, akamshika mkono mkewe, wakatoka.

Zimwi akafuata nyuma. "Uji wangu! Uji wangu! Uji wangu!" Akaukumbatia usimwagike. Upepo ukaupoza, ukaganda naye akiwa ndani. Pakasimama mlima wenye tumbo.

Uji uliomwagikia nje ulipoa haraka, ukawa jiwe jeusi, chembe zake hazionekani kwa macho. Uliodondokea katika ziwa lililokuwa karibu uliganda kufumba na kufumbua, ukawa kama kioo, mkali kuliko wembe. Povu lake likawa jiwe jepesi lenye matundu, la kusugulia visigino.

Jioni ile Mwanamize alisaga mtama kwa jiwe jeusi, akapika uji wa unga kwa mara ya kwanza. Vuai akanywa bakuli la kwanza, la pili, la tatu. Watu wakacheza ngoma mpaka mchanga ukaruka.

Na uji uliobaki chini? Huo haukuwa na haraka. Ulipoa miaka na miaka, chembe zikapata wakati wa kukua, zikawa kubwa zinazometameta. Wajukuu wa wajukuu wa Vuai walilikuta jiwe hilo mvua zilipokwisha kuchukua udongo wa juu. Babu yenu alichonga hilo tu. Alisema limesubiri kuliko sisi sote.

Hadithi yangu imeishia hapo. Imepoa, imekuwa jiwe. Nanyi msimkalie mtu, kisha mkangoja atoe kilicho ndani yake. Inukeni, mpeni nafasi.

Jiwe la babu yenu liko pale mlangoni, limechongwa nusu. Haya, inueni mikono. Ee Mola, mrehemu Shekue. Mwondolee uzito wa udongo ulio juu yake, umpanulie kaburi lake, na siku atakapopiga hodi kwako, mkaribishe. Amina.