Bi Kiboko Aliyejinyima Mto

Paukwa!

Pakawa!

Kina mama mliotoka shamba na mliotoka sokoni, mpo?

Tupo!

Basi kaeni chini, nyosheni miguu. Somoe, weka huo ungo, mchele hautakimbia. Anayetaka kusinzia na asinzie. Ngano yangu haimkasirikii mtu.

Hapo zamani za kale palikuwa na mto, na kando ya mto aliishi Bi Kiboko. Hakuwa msichana, wala hakuwa ajuza. Alikuwa mama wa makamo, watoto wake wamekwisha kukua, na mjukuu wa kwanza amempata.

Bi Kiboko alikuwa na moyo mkubwa kuliko mwili wake, na mwili wake mnaujua. Akiitwa, anakwenda. Akiitwa tena, anakwenda tena. Neno "siwezi" hakuwa nalo, ingawa kinywa chake kilikuwa na nafasi ya maneno mengi.

Siku hizo viboko walishinda nchi kavu kama wanyama wengine. Wakisikia joto, wanaingia mtoni, wanapoa, wanatoka. Bi Kiboko peke yake ndiye aliyekosa nafasi ya kuingia.

Mwaka ule mwili ulianza kumgeuka. Joto lilimpanda ghafla, kutoka kifuani mpaka masikioni, hata asubuhi penye ukungu. Usingizi ukamkimbia. Ngozi ikamkauka, ikaanza kupasuka mgongoni. Hakumwambia mtu. Alijisemea tu moyoni, "Mvivu wewe! Umekwisha wewe! Mama yako alikuwa hivi?"

Alikuwa na rafiki mmoja, Bi Chura, naye mtu mzima mwenzake. Bi Chura alikuwa mdogo wa umbo, lakini sauti yake ilikuwa nzito kama ngoma. Alimwita kutoka kwenye matete: "Shoga, ngozi yako imekauka. Njoo majini."

Bi Kiboko akamjibu kwa wimbo. Haya, nipokeeni:

*Bado kidogo, bado kidogo,*
*nikimaliza hiki nitajinyosha.*
*Bado kidogo, bado kidogo,*
*jua hili halijanichosha.*

Siku moja Bi Kiboko akatia mguu mmoja mtoni. Maji yalikuwa baridi, matamu. Mara, hodi! Ni jirani yake, Ngiri.

"Bi Kiboko, ardhi ya kwangu imekuwa jiwe. Mizizi siipati, na watoto wanalia njaa. Njoo univunjie kwa miguu yako."

Bi Kiboko akautoa mguu mtoni. "Shoga, njoo majini!" Bi Chura akaita. "Bado kidogo," akajibu, akaenda. Akakanyaga na kuvunja mpaka Ngiri akapata mizizi yake.

Siku ya pili akatia miguu miwili. Mara akaja binti yake, jina lake Mashavu, na mtoto wake Kibonge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nishikie Kibonge, nikale majani bondeni. Sikawii."

Bi Kiboko akaitoa miguu yote miwili. "Shoga, njoo majini!" "Bado kidogo." Na Mashavu akakawia. Kibonge alikuwa mzito na mtundu, na bibi akamfukuza juani kutwa nzima.

Siku ya tatu Bi Kiboko akaingia mpaka magotini. Akafumba macho. Mara akaja nani?

Sungura!

Naam, Sungura. Alikuwa na shamba la karanga, naye hakutaka kutoa jasho. Akainama mpaka masikio yakagusa mchanga.

"Mama yetu sote! Nimetoka kukutetea sasa hivi."

"Kunitetea kwa nani?"

"Kwa wanyama. Wanasema Bi Kiboko amekwisha, hana faida tena, anajilaza tu mtoni. Nikawaambia, jamani, mama yule? Njooni kesho mtazame shamba langu, mtaona kama amekwisha!"

Wenzangu, ulikuwa uongo mtupu. Hakuna mnyama aliyesema hivyo. Lakini maneno yale yalifanana sana na yale ambayo Bi Kiboko alikuwa akijiambia mwenyewe, kwa hiyo akayaamini.

"Shoga, njoo majini! Jua ni kali!" Bi Chura akaita.

*Bado kidogo, bado kidogo,*
*nikimaliza hiki nitajinyosha.*

Akaenda. Sungura akajilaza kichakani penye kivuli, akanyoosha kidole. "Tuta hapa, mama. Na hapa. Na pale." Bi Kiboko akapiga matuta. Ngozi ikampasuka mgongoni na mabegani, ikatoa jasho jekundu kama damu. Akaona ardhi inazunguka. Akaanguka, pu!

"Bado tuta moja, mama," Sungura akasema. "Moja tu."

Bi Kiboko hakuinuka. Sungura akamtazama, akatazama huku na huku, kisha akatoroka asije akaulizwa.

Bi Chura alipoona shoga yake harudi, alitoka matetani. Na ngozi ya chura, kina mama, inaliogopa jua kuliko ya kiboko. Aliruka, akapumzika chini ya jani, akaruka tena, mpaka akafika.

"Shoga! Shoga yangu!"

"Niache," Bi Kiboko akanong'ona. "Bado tuta moja."

Bi Chura akajaza hewa mpaka akakaribia kupasuka, akapaza ile sauti yake: "Jamani eee! Mama yenu anakufa!"

Sauti ikamfikia Ngiri. Ikamfikia Mashavu bondeni. Wote wawili wakaja mbio. Mashavu akakimbilia mtoni, akajaza maji kinywani, akaja akammwagia mama yake. Mama hakushtuka. Akaenda tena, akammwagia. Mama akavuta pumzi. Mara ya tatu, akafumbua macho. Hapo Ngiri akasukuma huku, Mashavu akasukuma kule, wakamfikisha mtoni, wakamtelezesha ndani. Naye Bi Chura alikuwa amekauka kama jani. Mashavu akambeba, akamtia majini pia.

Mashavu akalia. "Mama, mbona hukuniambia kwamba unachoka?"

"Una mtoto mdogo, mwanangu. Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo, mama. Kwa mdomo huo huo."

Walipokwenda zao, mashoga wawili wakabaki majini. Bi Kiboko akasema polepole, "Nimeaibika, shoga. Nimeanguka kazini kama mzigo wa kuni. Kweli nimekwisha."

Bi Chura akamsogelea. "Mimi leo nimekauka nusu ya kufa. Utaniambia nimekwisha?"

"Astaghafirulahi! Nikwambie hivyo wewe?"

"Utaniambiaje, basi?"

"Nitakwambia pole, shoga yangu. Umefanya jambo kubwa. Kaa hapa kwenye maji upoe."

Bi Kiboko akayasikia maneno yake mwenyewe. Kisha machozi yakamtoka, yakaingia mtoni, hata hayakujulikana yapi machozi, yapi maji.

"Pole," akajiambia mwenyewe, kwa sauti ndogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza. "Pole, Bi Kiboko. Kaa upoe."

Akakaa. Akalala usingizi ule ambao alikuwa hajaupata muda mrefu.

Ngiri naye aliona haya. Ardhi ilipokuwa ngumu tena, hakwenda kupiga hodi. Alipiga magoti, akachimba kwa meno yake mwenyewe, na mizizi akaipata. Mashavu alipotaka kumwacha mtoto, kwanza aliuliza, "Mama, leo unajisikiaje?" Mara nyingine aliambiwa, "Leo hapana, mwanangu," naye akaenda na mtoto wake. Mara nyingine aliingia naye majini, na Kibonge akalala juu ya mgongo wa bibi yake, wote watatu wakapoa.

Lakini Sungura hakuona haya. Karanga zilikuwa zinaingiwa na magugu. Akaja ukingoni. "Bi Kiboko! Lile tuta moja!"

Bi Chura akajibu kutoka matetani kwa sauti nzito: "NIMELALA!" Sungura akaruka, akakimbia.

Akaja mara ya pili. "Bi Kiboko!" "NIMELALA!" Akakimbia tena, ila safari hii alijificha, akachungulia, akaona koo la Bi Chura linavyovimba.

Akaja mara ya tatu akicheka. "Chura, nimekwisha kukujua! Bi Kiboko, toka. Wanyama wanakusema."

Bi Chura hakuwa na hila nyingine. Akamtazama shoga yake. Bi Kiboko akahisi mguu mmoja unatambaa kwenda nchi kavu, kwa mazoea. "Bado kidogo" ilikuwa tayari kwenye ulimi. Akaimeza.

"Sungura, siji."

"Umesemaje?"

"Siji. Nimechoka, nimepumzika. Shamba ni lako, lima."

"Basi nitawaambia wote kwamba umekwisha!"

"Waambie. Na mimi wakija nitawaambia nani aliniacha nimeanguka juani."

Mbingu haikuanguka. Mto haukukauka. Naye Bi Kiboko, kwa kuwa alikuwa bado ana usingizi, akapiga mwayo. Mwayo hasa, wenzangu! Kinywa kikafunguka kama mlango wa ghala, meno yakatokeza, huku na huku. Sungura hakuwahi kuona ndani ya kinywa kile, maana siku zote kilikuwa kikisema "nakuja" tu. Alitimua mbio, magugu yakazila karanga zake zote, na hakurudi ukingoni hapo.

"Shoga," Bi Chura akasema, "mwayo huo ulikuwa wapi siku zote?"

Wakacheka mpaka maji yakafanya mawimbi.

Viboko wengine wakamwiga, na tangu siku hiyo viboko hushinda majini. Jua likiwaka, huoni ila pua, macho na masikio. Jua likipungua, wanatoka kwenda kula, na mwenye haja nao huwangoja wakati huo.

Ngano hii inatufunza nini? Inatufunza kwamba mama akijipumzisha hajaiba cha mtu. Kazi haina mwisho, lakini mwili unao. Na lile neno "pole" tunalowapa wenzetu bure, tujibakizie na sisi kidogo.

Hapo ngano yangu inakunja jamvi. Utamu wake gawaneni. Uchungu wake niachieni mimi, nitautema.