Kwa Nini Mstari wa Mwisho Hauandikwi

Nyinyi mliokuja juzi mmeukuta mstari mtupu chini kabisa ya orodha ya zana pale ukutani, mkadhani mwandishi alisahau. Hakusahau. Kaeni niwaeleze, maana wanaojua kisa hiki tumebaki wawili.

Zamani, chumba hiki kilipokuwa na waandishi wa programu sita tu, hapakuwa na orodha. Kila mtu alifanya kazi kwa zana aliyokuja nayo, yaani programu ya kuandikia programu, kama wake wenza, kila mmoja na jiko lake. Programu iliyokwenda vizuri kwenye kompyuta ya mmoja ilikufa kwenye ya mwenzake, na mwenyewe akiulizwa alijibu tu kwamba kwake haina shida. Aliyeteseka kuliko wote ni Kalunde, kwa kuwa ndiye aliyepokea kazi za wote na kuziunganisha. Programu yenyewe iliwakumbusha kina mama wa vijijini tarehe za chanjo za watoto wao. Ikilala, chanjo zilipita.

Kalunde alikuwa na macho mabovu tangu utotoni. Zana yake ilikuwa kuukuu, wenzake wakiicheka, lakini ilikuza herufi zikawa kama punje za mahindi, na akiwa nayo hakuna aliyemshinda kazi. Siku moja uvumilivu ukamwisha, akapendekeza wote watumie zana moja. Mikono sita ikainuliwa. Umoja ulioje! Kila mmoja alikubali akiamini itakayochaguliwa ni yake. Kalunde naye aliamini hivyo, tusimtakase.

Ikachaguliwa ya Mbonea, kiongozi wao, ikaandikwa kwenye orodha ukutani. Ilikuwa mpya na ya haraka, ila ukikuza herufi zake, nusu ya maandishi yalitoka nje ya kioo. Wiki nzima Kalunde aliona haya kusema, kwa kuwa sheria aliizaa mwenyewe. Mwishowe akamfuata Mbonea, akaomba aachiwe zana yake, yeye peke yake.

"Dada Kalunde, sheria umeileta wewe," Mbonea alisema. "Nikikuachia wewe, nitamkataza nani?"

Basi akawa anasoma pua ikigusa kioo. Mwezi wa pili wa sheria hiyo akaona tarehe tatu mahali penye nane, na kina mama wa kata nzima wakatembea na watoto mgongoni hadi zahanati, siku isiyo na chanjo. Hakufukuzwa. Alikabidhi kompyuta mwenyewe, na hakuna aliyemsindikiza hata mlangoni. Nami nilikuwemo. Kinachouma zaidi ni kwamba sheria ilifaulu, na kazi zetu hazikugombana tena.

Miaka tisa ikapita, ukungu ukaingia machoni mwa Mbonea. Ndipo alipokumbuka. Akaandika orodha upya, akaacha mstari mtupu, kumaanisha kwamba yeyote ambaye zana ya wote haimfai atumie yake bila kuiandika, na wa kwanza kuutumia akawa yeye. Kisha akamwandikia Kalunde arudi kazini.

Jibu lilikuwa fupi: "Barua yako nimesomewa na jirani. Umechelewa, Mbonea."

Na tangu siku hiyo mstari wa mwisho hauandikwi kitu, na kila mgeni huulizwa habari za macho na mikono yake kabla ya kupewa kompyuta. Mtaambiwa uliachwa kwa huruma. Msiamini. Kalunde alipoumwa macho, tulimwonyesha sheria. Mstari uliachwa siku kiongozi alipoumwa yake.