Komeo la Ndolwe

Hadithi hii haina sungura wala jini, kwa hiyo anayemngoja sungura aondoke sasa asije akalaumu mtu. Ina lango moja, komeo moja na wanawake watatu. Anayetaka kusikiliza akae. Mwishoni ataulizwa swali, na jibu la "sijui" halipokelewi.

Mji uliitwa Ndolwe. Ulikuwa juu milimani, katikati ya vilima viwili, na njia ya kuuingia ilikuwa moja tu. Njia hiyo ilipita kwenye lango la magogo lililojengwa zamani kuzuia wezi wa ng'ombe. Ndani ya lango palikuwa na uwanja wa gulio. Kila siku ya tano watu wa tambarare walipanda na chumvi na mahindi, na watu wa Ndolwe wakawauzia ndizi, maharage na vyungu.

Katika mji huo Bibi Nambike, mkunga, alikuwa na mkono. Akikugusa shingoni kwa mgongo wa kiganja, aliijua homa kabla wewe mwenyewe hujaijua.

Bi Mwahija, muuza uji, alikuwa na miguu. Aliweza kuuzunguka mji mzima mara tatu na ndoo kichwani, kisha akakukuta umekaa akakuuliza wewe umechokea wapi.

Naetwe, mfinyanzi, alikuwa na sikio. Alikigonga chungu kwa kijiti kikiwa bado motoni, akasikiliza, akajua wakati wa kukitoa. Chungu kikitoka mapema kinapasuka, kikichelewa kinaungua. Vyungu vya Naetwe havikupasuka wala havikuungua, na alikuwa na mdomo wa kukukumbusha hilo kila mkikutana.

Jumbe wa Ndolwe alikuwa na kiti. Hicho tu.

Siku moja ya gulio, Bibi Nambike alimgusa shingoni mchuuzi wa chumvi aliyekuwa akikohoa, akaurudisha mkono haraka. Naetwe alikuwa hapo, akipanga vyungu vyake.

"Vipi, bibi?"

"Joto hili silijui," alisema mkunga. "Na mimi joto lote la watu nalijua."

Mchuuzi alikufa kabla ya gulio lililofuata. Watu wakauita ugonjwa huo Mkabaji, kwa sababu ulikamata koo na haukuachia. Bibi Nambike akaenda kwa Jumbe kumwambia lango lifungwe.

"Tulitazame gulio moja kwanza," alisema Jumbe.

"Tutazame nini?"

"Tuone."

"Ukiona utakuwa unaona makaburi," alisema Bibi Nambike. Akatoka, akashuka langoni, akalisukuma komeo kwa mikono yake mwenyewe. Gogo hilo kwa kawaida liliinuliwa na wanaume wawili.

Jioni hiyo kaka yake, Senkondo, alifika na punda wake kutoka tambarare. Aligonga. Alimwita dada yake kwa jina la utoto. Naetwe alimwona mkunga ameegemea lango, bega lake kwenye gogo, akisema, "Rudi, kaka. Wewe umelala katika nyumba zao." Senkondo aligonga mpaka punda akakaa chini. Kisha akashuka. Alifia njiani, na habari zake zililetwa na watu waliozipigia kelele kutoka ng'ambo ya lango.

Basi mji ukafungwa. Hapo ndipo walipofanya ujinga ambao Ndolwe inachekwa nao mpaka leo.

Mpiga mbiu alipita akitangaza: "Mji umefunga! Kuanzia leo mji wote umefunga, mpaka mtakapoambiwa!"

"Umefunga?" aliuliza mzee mmoja mlangoni kwake. "Mbona Ramadhani imeisha juzi?"

"Ni kafara ya ugonjwa," alijibu jirani yake, ambaye hakuulizwa.

Wakafunga. Walifunga Waislamu, na Walutheri wa mtaa wa juu nao wakafunga wasije wakaonekana wavivu. Mchana kutwa hakuna aliyemeza maji. Jua lilipozama wote walitoka na vibakuli, wakajazana uwanjani kufuturu pamoja, bega kwa bega, wakipokezana kata moja ya maji na kukoholeana usoni. Bibi Nambike alipowakuta alikosa pa kushika.

"Nimesema mfunge milango," alisema. "Nyie mmefunga matumbo."

Kesho yake walianguka watu kumi na mmoja.

Mkunga alitaka mpiga mbiu arudi kusahihisha neno. Bi Mwahija akamzuia. "Liache hivyo hivyo. Ukiwaambia wakae ndani watakubishia. Ukiwaambia wamefunga, watakaa. Mimi nitawapelekea futari."

"Nyumba zote?"

"Kwani ni nyingi?"

Zilikuwa mia moja na arobaini. Kila jioni Bi Mwahija alipita na ndoo, akaweka uji kizingitini, akagonga mara mbili, akarudi nyuma hatua tano. "Futari hiyo! Atakayenifuata nje simletei kesho." Naetwe alimpa vyungu vidogo, kimoja kwa kila nyumba, ili vibakuli visichanganyike. Siku ya ishirini maharage ya kula yaliisha, Bi Mwahija akafungua maharage ya mbegu. Waliomtukana kwa hilo waliyala. Hakuna aliyetoka tena kuzurura, maana huwezi kuzurura huku unangoja uji.

Lakini kulikuwa na nyumba ya Mzee Kiangi, pembezoni kabisa. Watu wanne, waliojifungia tangu siku ya kwanza bila kuonana na mtu. Hakuna aliyewahi kukifikia kizingiti chao isipokuwa Bi Mwahija na ndoo yake. Mkabaji aliingia humo na kuchukua watatu. Bi Mwahija alizunguka jioni hiyo kama kawaida. Alipofika kwa Naetwe hakugonga mara mbili. Aligonga mara moja, akasimama.

"Sema kitu, Naetwe."

"Uji umepoa," alisema Naetwe. "Endelea na wengine."

Siku ya arobaini walimzika mgonjwa wa mwisho. Naetwe alianza kubandika kigae kimoja ukutani kila siku isiyokuwa na mgonjwa mpya. Vikafika kumi. Vikafika ishirini. Alikuwa akisikiliza, kama anavyosikiliza chungu.

Vigae vilipofika thelathini chumvi ilikuwa imeisha, mahindi yameisha, uji wa Bi Mwahija umekuwa maji yenye rangi. Alikufa mzee wa pumu, ambaye dawa yake ilitoka tambarare. Alikufa mtoto wa miezi minane, ambaye mama yake alikaukiwa maziwa. Naetwe aliviosha vyungu vya wote wawili, akavipanga juani, kisha akaenda langoni.

Jumbe alikuwa ameketi hapo. Kile kiti chake kilikuwa kimehamishiwa kivulini mwa lango, na aliyetaka hata kuchota maji upande wa pili alimwomba ruhusa, akapiga magoti, akapewa au akanyimwa. Mtu aliyeogopa kulifunga lango sasa alikuwa amelizoea kufungwa.

"Shikamoo, Jumbe. Tunafungua lini?"

"Bado."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposema."

"Na utasema lini?"

"Nitakapoona."

"Ulipotakiwa kuona hukuona. Leo unaona nini ukiwa kivulini?"

"Naetwe," alisema Jumbe, "chunga ulimi."

"Nauchunga. Usingekuwa umechungwa ungesikia mengine." Akasogea. "Leo ni siku ya thelathini Mkabaji hayupo. Tunaowazika sasa wanauawa na gogo hili. Kufunga kusikokuwa na siku ya kufuturu si kufunga, Jumbe. Ni njaa, na wewe umeiwekea kiti."

Jumbe akawaita vijana wake wawili. Wakati wanakuja bila haraka, maana nao walikuwa na njaa, Naetwe aliokota jiwe la kusagia akalipiga komeo. Alilipiga mara saba. Mara ya nane likakatika.

Hakufungua ovyo. Kati ya muuzaji na muuzaji alipanga vyungu kumi kwa mstari, na aliyeviruka vyungu alifukuzwa. Langoni alimweka Bibi Nambike na mkono wake. Chumvi ikapanda, mahindi yakapanda, maziwa yakarudi kwa waliokaukiwa.

Na Mkabaji akarudi pia, gulio la pili, ndani ya mtu ambaye shingo yake ilikuwa baridi. Walikufa wawili. Mmoja alikuwa Mbonea, binti aliyemkandia Naetwe udongo kwa miaka sita. Mume wa Mbonea alikutana na Naetwe kisimani.

"Ungengoja gulio moja tu," alisema.

Naetwe alitaka kumwambia habari za watoto waliopata maziwa. Alijaza mtungi wake akaondoka. Tangu siku hiyo kila akigonga chungu aligonga mara mbili, kama asiyeliamini sikio lake.

Mwaka ukapita bila mgonjwa. Seremala akachonga komeo jipya, la mti mgumu, jepesi kuliko la zamani, ambalo mtu mmoja anaweza kulisukuma. Akalileta uwanjani, mji mzima umekaa, akauliza, "Nimkabidhi nani?"

Swali halikuwa dogo. Kila mtu alijua kuwa ugonjwa mwingine utakuja, Mkabaji au ndugu yake, na mwenye komeo ndiye atakayesema funga, na ndiye atakayesema fungua.

"Komeo ni la kiti," alisema Jumbe, akanyoosha mkono.

Naetwe alilichukua komeo mikononi mwa seremala, akaliweka chini, akalikalia.

"Ondoka hapo," alisema Jumbe.

"Njoo uniondoe."

Watu wakacheka, lakini Jumbe hakuja.

"Apewe Bibi Nambike," alisema mmoja. "Asingefunga yeye, leo hapa pangekuwa na nyasi tu."

"Angefunga na nini?" alidakia mwingine. "Bila uji wa Bi Mwahija watu wangelibomoa lango siku ya tatu. Apewe Mwahija."

"Na bila Naetwe mngekuwa ndani mpaka leo, mkiomba ruhusa ya kupiga chafya."

"Nambike alimfungia ndugu yake nje."

"Mwahija aliingiza kifo kwa Kiangi."

"Naetwe alimuua Mbonea." Huyo alikuwa mume wa Mbonea.

Wanawake watatu wakatazamana. "Mimi silitaki kama mtaniita katili," alisema Bibi Nambike.

"Mimi silitaki kama mtaniomba nipumzike," alisema Bi Mwahija.

"Mimi nalitaka," alisema Naetwe, "na ninyi nyote mnalitaka. Tusidanganyane." Hakuinuka. Alihisi ubaridi wa mti mpya chini yake, akamtazama mume wa Mbonea, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujua kama wakati umefika au bado.

Seremala angali anangoja. Jumbe angali amenyoosha mkono, na huo mwacheni uchoke. Msiseme walishike wote watatu: komeo ni moja, na ugonjwa ukiwa njiani hausubiri kikao kiishe. Msiseme litupwe, kwa sababu lango lisilo na komeo limeshachagua.

Mmoja alijua kufunga. Mmoja alijua kuwatunza waliofungiwa. Mmoja alijua kufungua. Kila mmoja aliuokoa mji, na kila mmoja ana kaburi lake.

Haya, wewe uliyekaa mbele, na wewe unayejificha nyuma ya mwenzako: Naetwe akiinuka, komeo la Ndolwe unamkabidhi nani?