Fisi na Miche ya Pangoni

Ulikuwa mwaka wa ukame, mwaka ambao hata kivuli kilikuwa na joto. Mbegu zote porini ziliungulia ardhini, isipokuwa konzi moja ya mbegu za maboga aliyoiweka Sungura. Alizipanda ndani ya pango lake, kwenye vibuyu vilivyokatwa vichwa, katika udongo mweusi uliojaa mboji na nyungunyungu. Ikaota miche kumi na miwili, laini kama masikio yake.

Habari zikamfikia Simba. Akanguruma, "Haifai mfalme akae mbele ya uwanja mtupu kama kichwa cha tumbusi! Atakayepanda boga mlangoni kwangu likashika, atakunywa kisimani kwangu kabla ya wanyama wote."

Fisi aliposikia "atakunywa," mate yakamdondoka. Akaenda kwa Sungura akijichekesha.

"Shemeji, miche hii utaihamishaje mpaka kwa Simba?"

Sungura alimwona akiihesabu kwa macho, akajua kesho kutatokea nini. Basi akaamua kumwambia kweli tupu.

"Polepole, shemeji. Imezaliwa kivulini, haijalizoea jua. Kila asubuhi naitoa nje kidogo. Jua likipata makali nairudisha ndani. Leo siku ya pili, bado tano. Kisha nitaihamisha jioni, pamoja na udongo wake wote. Udongo huu uko hai, ndio unaoilisha."

Fisi akaenda zake akicheka. "Tangu lini Sungura akasema kweli? Akisema jioni, basi ni mchana. Akisema udongo ubaki mizizini, basi udongo ndio sumu!"

Kesho yake Sungura alificha miche sita nyuma ya mwamba, akatoka huku akiimba kwa sauti ili asikike mbali. Fisi akaingia. Akaing'oa miche iliyobaki kwa shingo, akaikung'uta udongo wote, na nyungunyungu akawala. Saa sita, jua likiwa utosini, akaipanda mbele ya Simba na wanyama wote.

"Boga lako hilo, Mfalme!" akasema, mbio kisimani.

Hata hajainama, majani yakageuka meupe kama majivu, yakajikunja, miche ikalala chini. Nyani akaanza kucheka, uwanja mzima ukafuata. Simba huweza kuvumilia njaa, si kuchekwa.

"Umenipandia maiti mlangoni?"

Akamrukia. Fisi akaponea chupuchupu, kiu kooni, mkia mfupi kuliko alivyokuja nao.

Siku tano baadaye, jioni, Sungura akaleta vibuyu sita. Akaitelemsha miche shimoni na udongo wake, akaimwagia maji, akaitilia kivuli cha matawi. Ikalegea siku moja, kisha ikasimama wima.

"Mbona hukumwonya Fisi?" Simba akauliza.

"Nilimwonya, Mfalme," Sungura akajibu, maji ya kisimani yakimchuruzika mashavuni. "Neno kwa neno."

Mwenye pupa hadiriki kula tamu.