Siku Tulipoipigia Bafa Makofi

"Neno usilolijua maana, usilipigie makofi." Ndivyo alivyowaambia mama yenu mlipokuwa mkishangilia ile hotuba ya redioni, nanyi mmekuja kuniuliza kama ni methali ya kale. Si ya kale hivyo. Ina miaka kama ishirini na mitano, na ilizaliwa hapa hapa kwetu, milimani Upare, mimi nikiwapo. Tena nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi. Basi kaeni niwaeleze chanzo chake, na sitajipamba.

Wakati huo nilikuwa katibu wa mikutano ya kijiji. Kando ya kijito chetu palikuwa na shimo la udongo wa ufinyanzi. Wanawake wapatao thelathini walichimba hapo, wakafinyanga vyungu, wakavipeleka gulioni. Mkubwa wao alikuwa Bibi Namkunda, mjane, mikono imepasukapasuka kwa udongo na moto. Kwa vyungu hivyo alisomesha watoto wanne. Yeye mwenyewe aliishia darasa la tatu.

Miaka hiyo maneno ya Kiingereza yalianza kutuota kama magugu shambani. Kijana akitoka mjini hasemi amechoka, anasema ana stresi. Mwenyekiti wetu, Mzee Senkoro, hakutuita tena wanakijiji, tulikuwa "mastekiholda", yaani wadau. Wengi hatukujua maana, lakini nani aulize? Aliyeuliza alionekana mshamba. Tukajifunza kutikisa vichwa.

Siku moja akaja mtaalamu wa mradi wa maji ya bomba, Bwana Eliudi, kijana mpole, nadhifu. Tulikutana darasani, tumebanana kwenye madawati ya watoto. Akasema, "Ndugu zangu, ili chanzo cha maji kisife, tutaweka bafa ya mita mia mbili kila upande wa kijito. Bafa hiyo itakuwa ya kudumu. Mkiridhia, tutie saini leo, na mabomba yaanze kuja."

Mwenyekiti akaanza kupiga makofi. Nasi tukafuata. Mimi niliweka kalamu chini nipige vizuri. Aliyebaki ameweka mikono mapajani ni Bibi Namkunda peke yake. Makofi yalipotulia, akasimama.

"Mwanangu, hiyo bafa ni nini?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akakunja uso. "Mama, usituaibishe mbele ya mgeni. Bafa ni bafa. Ni mambo ya kitaalamu."

"Kama unayajua, Mwenyekiti, niambie kwa Kiswahili. Kiswahili kikikushinda, niambie kwa Kipare."

Mzee Senkoro akapangusa jasho. "Ni... ni chombo. Cha kuchujia maji."

Bibi Namkunda akamgeukia jirani yake. "Nawe Kiangi, umepiga makofi mpaka kofia ikaanguka. Bafa ni nini?"

"Mimi nilidhani ni tangi," Kiangi akajibu, taratibu.

"Na wewe katibu, umeandika nini hapo?"

"Nimeandika bafa," nikasema.

"Ndiyo nini?"

Nikainama, wajukuu zangu. Nilitazama daftari langu kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine.

Mwenyekiti akagonga meza. "Keti, au utoke nje! Darasa la tatu lako lisitukwamishie maendeleo!"

"Siketi na sitoki," alisema. Sauti yake haikupanda. "Maneno ya wageni siyachukii. Meza ni neno la wageni, shule ni neno la wageni. Lakini ukiniambia niende mezani, najua ninakoenda. Hili la leo silijui linanipeleka wapi, nanyi mnataka nilitilie dole gumba. Sitii!"

Bwana Eliudi akakunja karatasi zake. "Mama ana haki ya kuuliza," akasema. "Bafa ni ukanda unaoachwa wazi. Ndani yake hapalimwi, hapachimbwi, hapajengwi, wala haishi mtu."

"Mita mia mbili kutoka kijitoni?"

"Ndiyo, mama."

Kiangi akaruka juu. "Nyumba yangu iko hatua hamsini tu kutoka kijitoni!" Nyuma mwanamke mmoja akapiga ukelele, "Na shimo letu la udongo?" Pakazuka zogo, kila mtu anahesabu hatua zake kwa vidole. Bwana Eliudi alisimama pale, ameduwaa kweli.

"Nilidhani mmeelewa," akasema. "Si mlipiga makofi?"

Tukaificha mikono yetu chini ya madawati.

Mwenyekiti akaanza kutubembeleza. Tusipotia saini, alisema, bomba litakwenda kijiji cha pili. Bibi Namkunda akamwambia, "Liende. Maji tutayateka kwa vyungu kama jana. Lakini nikifukuzwa nilipozikia mume wangu, nifukuzwe kwa maneno ninayoyasikia." Hatukutia saini. Nusu ya kijiji walimnunia mwezi mzima. Wengine hawakujibu hata salamu yake. Naye akaendelea kuchoma vyungu.

Mwezi ulipokwisha, Bwana Eliudi akarudi. Safari hii alishuka kijitoni na kamba ya kupimia, akatembea na wale wafinyanzi asubuhi nzima, akiuliza na kuulizwa. Wakakubaliana kwamba chanzo kule juu kizungushiwe wigo na kipandwe miti, na huku chini ukanda uwe wa hatua kumi tu. Shimo la udongo likapona. Nyumba ya Kiangi ikapona. Walioumia ni wanawake watatu waliokuwa na bustani jirani na chanzo, na mmoja wao alikuwa Bibi Namkunda. Aliing'oa mihogo yake kwa mikono yake mwenyewe. Nilipompa pole alinijibu, "Imeniuma. Ila najua nimetoa nini, na nimekitoa kwa nini."

Tulipokutana tena darasani kutia saini, mtaalamu alisema maneno machache, akaketi. Mwenyekiti, kwa mazoea yake, akainua mikono kupiga makofi. Kiangi akamdaka mkono.

"Ngoja kwanza, Mwenyekiti. Neno usilolijua maana, usilipigie makofi. Tuambie tumekubali nini."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee Senkoro akasimama, akaeleza kwa Kipare, jambo moja baada ya jingine: wigo uko wapi, hatua ni ngapi, nini kinaondoka, nini kinabaki. Aliposahau bustani tatu, wanawake wakamkumbusha. Alipomaliza, Bibi Namkunda ndiye aliyeanza makofi, nasi tukampokea mpaka madirisha yakatetemeka.

Tangu hapo, mtu akija kwetu na neno lake jipya, hatumfukuzi. Tunamwambia alifungue, tuone limebeba nini. Akishindwa, au akikataa, awe mkubwa namna gani, mikono yetu inabaki mapajani. Neno usilolijua maana, usilipigie makofi.